Kangomba ndani ya kivinjari

Korosho za Mtwara sasa huuzwa kupitia dirisha la kompyuta, na ndani ya dirisha hilo wamo wasaidizi wa bure na walinzi wenye funguo zote

Biashara ya korosho mkoani Mtwara, ambayo kwa miaka mingi ilitambulika kwa magunia, mizani na foleni za malori mbele ya maghala, imehamia kwa sehemu kubwa katika dirisha la kompyuta linaloitwa kivinjari, yaani programu ambayo mtumiaji huifungua ili kusoma kurasa za intaneti na kuingia katika mifumo ya benki, serikali na masoko. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa msingi na sheria ya mwaka 2005, ulipoanza kutumika kwa zao hilo katika msimu wa 2007/2008, mzigo wa mkulima hupimwa katika Chama cha Msingi cha Ushirika, maarufu kama AMCOS, husafirishwa hadi ghala kuu na kupimwa tena huko, kisha hutolewa stakabadhi kabla ya kuingia mnadani. Katika msimu wa 2024/2025 minada hiyo, ambayo zamani ilitegemea karatasi za zabuni zilizofunguliwa mbele ya wakulima, iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambapo wanunuzi waliweka bei zao kwa kompyuta, na mzigo wa vyama vikuu kama MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, na TANECU kwa upande wa Tandahimba na Newala, ukauzwa bila mnunuzi kulazimika kufika ukumbini.

Katika mnyororo huo kompyuta ya karani imekuwa sehemu ya mizani yenyewe, kwa sababu kilo zilizosomwa huandikwa humo, majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao za benki huhifadhiwa humo, na taarifa za chama hutumwa kutoka humo kwenda katika mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika unaoitwa MUVU. Hali haitofautiani sana nje ya korosho. Mwenye nyumba ya wageni Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, hupokea maombi ya wageni kwa barua pepe. Mzabuni wa Mikindani hutafuta kazi za serikali katika mfumo wa ununuzi wa NeST. Na kijana asiye na kompyuta huenda steshenari, duka la karatasi na kalamu ambalo pia ndiyo ofisi ya kuchapa, kuskani na kujaza maombi ya ajira na mikopo ya elimu ya juu.

Mjadala wa usalama wa kompyuta hizi kwa kawaida huanza na kuishia kwa mdukuzi, mtu wa mbali anayedhaniwa kuvunja mlango usiku. Makala haya yanaelekeza macho kwa msaidizi mdogo anayekaribishwa mchana na mwenye kompyuta mwenyewe, yaani programu ndogo za bure zinazopachikwa katika kivinjari, na yanaonyesha kwamba programu ya kuzuia virusi, ambayo wengi huiita antivirusi na kuitegemea iwakamate wasaidizi hao, nayo ni msaidizi wa aina ileile, hivyo inapaswa kupimwa kwa mizani ileile.

Jalizi la jana na kiendelezi cha leo

Istilahi mbili huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku. Programu-jalizi ni kipande cha programu kilichopachikwa katika kivinjari ili kifanye kazi ambayo kivinjari chenyewe hakikuiweza, kama vile kuonyesha video au michezo, na ambacho kiliendeshwa kikiwa na uwezo karibu sawa na wa programu nyingine yoyote iliyo ndani ya kompyuta. Mtindo huo ulienea katikati ya miaka ya 1990 kupitia kivinjari cha Netscape, na baadaye majina ya Flash, Java na ActiveX yakawa ya kawaida katika kila ofisi. Udhaifu wake ulikuwa katika uwezo wake, kwa kuwa ukurasa wenye nia mbaya ulipopata ufa ndani ya jalizi, uliutumia kuvuka ukuta wa kivinjari na kuingia moja kwa moja katika mafaili ya mtumiaji. Mwaka 2012 programu hasidi iliyopewa jina la Flashback ilitumia ufa wa Java kuambukiza kompyuta zaidi ya 600,000 za Apple, ambazo wamiliki wake wengi waliamini kwamba hazishikwi na virusi.

Watengenezaji wa vivinjari waliamua kuufunga mlango huo. Chrome iliondoa mfumo wa zamani wa majalizi mwaka 2015, Firefox ikafuata Machi 2017 kwa kuibakiza Flash peke yake, na Flash yenyewe ilifikia mwisho wake Desemba 31, 2020, kabla ya kampuni ya Adobe kuizuia isifanye kazi kuanzia Januari 12, 2021. Historia hii ina matumizi ya moja kwa moja kwa msomaji wa leo: ukurasa wowote unaomwambia kwamba video haitafunguka mpaka asasishe Flash unamdanganya, kwa sababu hakuna tena kitu halali cha kusasisha, na faili analopewa apakue ndilo hasa mzigo wa mlaghai.

Nafasi ya jalizi imechukuliwa na kiendelezi, ambacho ni programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha zilezile zinazotumika kutengeneza kurasa za intaneti, na inayoishi ndani ya kivinjari bila kugusa moja kwa moja sehemu nyingine za kompyuta. Chrome ilifungua milango kwa viendelezi mwaka 2010, na sasa viko vya kila kazi: vya kuzuia matangazo, kutafsiri, kukagua tahajia, kupakua video, kugeuza hati kuwa PDF na kupiga picha ya ukurasa. Kwa upande mmoja hayo ni maendeleo, kwa kuwa kiendelezi hakiwezi kwa urahisi kufuta mafaili kama jalizi la zamani. Kwa upande mwingine hatari imehama pamoja na kazi, kwa sababu karibu kila kitu cha thamani ambacho zamani kilikaa katika faili, kuanzia hesabu za benki hadi bei za mnada, sasa hukaa katika ukurasa, na ukurasa ndiyo makao ya kiendelezi.

Ruhusa moja, kurasa zote

Mtumiaji anapobofya kitufe cha kuongeza kiendelezi, kivinjari humwonyesha kisanduku kidogo chenye orodha ya ruhusa zinazoombwa, na mara nyingi ndani yake kuna maelezo kwamba kiendelezi kitaweza kusoma na kubadilisha data zote za mtumiaji katika tovuti zote. Maelezo hayo ni mafupi, na aliye na haraka huyapita kama apitavyo masharti mengine yote, lakini kila neno lake lina uzito. Kusoma maana yake ni kuona kila kinachoonekana na kila kinachoandikwa, yakiwemo majina, salio na nenosiri. Kubadilisha maana yake ni kuweza kufuta, kuongeza na kugeuza maandishi ya ukurasa kabla ya macho ya mtu kuyafikia. Na tovuti zote maana yake ni kwamba benki haikutengwa.

Wengi hujibu hofu hiyo kwa kutaja alama ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha kando ya anwani ya tovuti. Kufuli hilo huashiria kwamba mawasiliano kati ya kompyuta na seva, yaani kompyuta kubwa inayohifadhi mfumo, yamesimbwa kwa fiche, hivyo anayeyadaka njiani kati ya Mtwara na Dar es Salaam haambulii kitu. Ulinzi huo unafanana na lakiri inayowekwa kwenye lori la korosho kutoka chama cha msingi hadi ghala kuu: inathibitisha kwamba mzigo haukufunguliwa barabarani, lakini haisemi lolote kuhusu karani anayeupokea. Ili mtu aweze kuusoma ukurasa ni lazima usimbaji ufunguliwe ndani ya kivinjari, na humo ndimo kiendelezi kinamosubiri, upande wa ndani wa kufuli.

Kutokana na nafasi hiyo, kiendelezi kibaya kinaweza kufanya wizi wa aina tatu. Wa kwanza ni wa kunakili maandishi yanayochapwa. Wa pili ni wa kuchukua vidakuzi vya kikao, ambavyo ni vijirekodi vinavyouthibitishia mfumo kwamba mtumiaji huyu ameshaingia, ili mwizi aingie kwa jina lake bila kuhitaji nenosiri wala tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe wa simu. Wa tatu, ulio mgumu zaidi kugunduliwa, ni wa kubadilisha kinachoonekana, kwa mfano kwa kuweka namba nyingine ya akaunti mahali pa ile iliyoandikwa, huku skrini ikiendelea kuonyesha kwamba malipo yamekwenda kulikokusudiwa. Mbinu ya kujipenyeza ndani ya kivinjari na kugeuza kurasa za benki ilipata umaarufu duniani kupitia programu hasidi ya Zeus, iliyotambuliwa mwaka 2007, na iliyolazimika kwanza kuiambukiza kompyuta. Kiendelezi hakina haja ya kuambukiza, kwa sababu kimepewa ruhusa.

Bure inayolipwa baadaye

Viendelezi vingi hutengenezwa na watu waaminifu, na hatari yake kubwa huanza pale mmiliki anapobadilika bila mtumiaji kujua. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi kilichopendwa kwa sababu kililaza kurasa zisizotumika ili kompyuta yenye kumbukumbu ndogo isilemewe, kikafikia watumiaji milioni 2 hivi. Mwaka 2020 mwanzilishi wake alikiuza kwa mnunuzi asiyetambulishwa, na Februari 2021 Google ikakiondoa dukani na kukizima katika kompyuta za watu baada ya kubaini kwamba kimebeba programu hasidi. Waliokuwa wamekisakinisha miaka ya nyuma hawakukosea siku ile. Kilichobadilika ni mwenye mali, na sasisho lililoingia lenyewe kimyakimya lilileta kazi ya mwenye mali mpya.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba hata mtaalamu hutekwa. Desemba 2024, katika mkesha wa Krismasi, mfanyakazi wa Cyberhaven, ambayo yenyewe ni kampuni ya usalama wa data, alihadaiwa na barua pepe iliyojifanya kutoka duka la viendelezi la Chrome, akatoa idhini iliyowawezesha wavamizi kupandisha toleo lenye sumu. Toleo hilo liliwafikia watumiaji kwa njia ya kawaida ya usasishaji, katika kiendelezi chenye watumiaji wapatao 400,000, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba makumi ya viendelezi vingine yalilengwa katika kampeni hiyo. Shambulio lilikuja kupitia kiendelezi kilichonunuliwa kwa ajili ya kuzuia data isivuje.

Mtwara ina neno lake kwa biashara ya namna hii. Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, ambapo mlanguzi humfuata mkulima mwenye shida, mara nyingi kabla ya minada kufunguliwa, akapima kwa chombo chake badala ya mizani iliyohakikiwa, na kulipa papo hapo kwa bei ya chini. Biashara hiyo hudumu licha ya kukatazwa kwa sababu mkulima hupata kitu halisi, yaani fedha mkononi siku ambayo mtoto anadaiwa ada, ilhali anachokipoteza hakionekani mpaka mnada utangaze bei ya zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, kama ilivyotokea mwanzoni mwa msimu wa 2024/2025. Kiendelezi cha bure hufuata kanuni hiyohiyo. Humpa karani kitu halisi, kama hati iliyogeuzwa kuwa PDF ndani ya sekunde chache, kikapima thamani ya kurasa zake kwa chombo ambacho yeye hakioni, na hasara huja kujulikana baadaye, wakati mwingine ikiwa imemwangukia mkulima ambaye hajawahi kuigusa kompyuta hiyo.

Mlinzi mwenye funguo zote

Mtumiaji akielezwa hayo, jibu lake la kawaida ni kwamba kompyuta yake ina antivirusi. Jibu hilo linahitaji kuchunguzwa kwa kuangalia namna programu hiyo inavyofanya kazi. Kirusi cha Brain, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM, kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kikisafiri kwa diski laini zilizopokezanwa mkono kwa mkono, na miaka michache baadaye kazi ya kuvisaka virusi ikawa biashara. Njia ya kwanza ya usakaji ni kulinganisha kila faili na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, jambo ambalo hufaa tu orodha inapokuwa mpya. Njia ya pili ni kuangalia tabia, ili programu inayoanza ghafla kusimba mafaili mengi kwa mkupuo izuiwe hata kama haimo katika orodha; na ya tatu ni kuuliza seva za mtengenezaji kama faili hilo limewahi kuonekana kwingine.

Ili kuifanya kazi hiyo, antivirusi hulazimika kusoma mafaili yote na kukaa katika kiini cha mfumo wa kompyuta, na baadhi yake hufungua hata mawasiliano yaliyosimbwa na kupachika kiendelezi chake yenyewe katika kivinjari. Kwa hiyo mlinzi huyu hubeba funguo nyingi kuliko msaidizi mwingine yeyote, na historia ina mifano ya funguo hizo kutumika vibaya. Februari 22, 2024, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya Avast, mmoja wa wauzaji wakubwa wa antivirusi, italipa dola milioni 16.5 kwa tuhuma kwamba ilikusanya taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji, kupitia viendelezi na antivirusi yake, na kuziuza kwa kampuni zaidi ya 100 kupitia tawi lake la Jumpshot, huku ikiwaahidi watumiaji haohao kuwalinda dhidi ya kufuatiliwa.

Funguo zinaweza pia kuangushwa kwa bahati mbaya. Aprili 2010 sasisho la McAfee lilidhania faili muhimu la Windows XP kuwa kirusi, na kompyuta nyingi zikawa zinazima na kuwaka bila kukoma. Na Julai 19, 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Siasa nayo imo: Juni 2024 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa bidhaa za Kaspersky nchini humo kwa hoja kwamba serikali ya Urusi ingeweza kuishinikiza kampuni hiyo, hoja ambayo kampuni iliikanusha. Mifano hii haimfukuzi mlinzi langoni, kwa sababu kompyuta ya Windows isiyo na mlinzi hupata madhara mengi zaidi, lakini inamlazimisha mwenye ghala amuulize mlinzi maswali kabla ya kumkabidhi funguo.

Swali kubwa zaidi linahusu mipaka ya kazi yake. Kiendelezi kilichotoka katika duka rasmi, kikapewa ruhusa na mtumiaji na kisichoacha faili la kutiliwa shaka, kwa macho ya antivirusi mara nyingi ni mgeni aliyealikwa, na kama The Great Suspender ilivyoonyesha, taarifa ya ubaya wake inaweza kuchelewa kwa miezi.

Bando, flashi na programu zilizovunjwa

Mazingira ya Mtwara huongeza sura zake katika picha hii. Ya kwanza ni gharama ya bando. Ofisi nyingi ndogo, hasa nje ya mji, hupata intaneti kwa kugawa bando la simu, na mtu anayehesabu megabaiti huzima usasishaji kwanza, akiuona kuwa mnyonyaji asiye na faida. Hesabu hiyo ni ya hasara. Kirusi cha WannaCry, kilichofunga mafaili na kudai fidia duniani kote kuanzia Mei 12, 2017, kilipita katika ufa wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imeuziba Machi mwaka huohuo, hivyo kompyuta nyingi zilizoangamia zilikuwa zimekosa sasisho la miezi miwili. Septemba 2021 Chrome ilianza kutoa toleo jipya takriban kila wiki nne, na kuliacha toleo jipya lipakuliwe usiku, wakati bando ni nafuu, hulinda zaidi kuliko antivirusi ya kulipia iliyowekwa juu ya kivinjari kikuukuu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, mwezi ambao minada ya korosho huanza, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza, na kompyuta inayoendelea kuitumia bila mpango huo inapaswa kuondolewa katika kazi za fedha.

Sura ya pili ni flashi, yaani kifaa kidogo cha kubebea mafaili, ambayo hapa imerithi kazi ya diski laini za Lahore. Katika steshenari flashi moja huchomekwa baada ya nyingine kutwa nzima, na kirusi cha njia ya mkato hustawi katika foleni hiyo. Kirusi hiki huyaficha mafolda halisi na kuweka mahali pake aikoni zinazofanana nayo, zenye majina yaleyale na picha ileile ya folda ya manjano, tofauti ikiwa ni mshale mdogo katika kona ya chini. Mteja anapobofya, kirusi huamka kwanza, kisha huifungua folda halisi ili hati zake zionekane kama kawaida, naye huchapa barua yake, hulipa na kuondoka akiwa amembeba abiria. Mshale huo mdogo ndiyo dalili ambayo jicho linaweza kuizoea bila programu yoyote.

Sura ya tatu ni programu zilizovunjwa kinga, zinazosambazwa bila leseni na fundi wa mtaani kwa nia njema ya kumpunguzia mteja gharama. Maelekezo yake karibu kila mara humtaka mtu azime antivirusi kabla ya kusakinisha, na anayekubali huwa amemwambia mlinzi aende akanywe chai huku lori lisilo na hati likipakua mzigo. Antivirusi iliyovunjwa kwa njia hiyo ni kinyume cha jina lake, kwa kuwa aliyeivunja ndiye aliyekabidhiwa funguo.

Vigezo vya uchaguzi

Uchaguzi wa antivirusi huanza kwa kukagua kilichopo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft huweka katika mfumo wake mlinzi anayeitwa Defender, asiyelipiwa ada ya ziada, na kwa ofisi ndogo inayosasisha mfumo wake huyo hutosha, mradi ithibitishwe kwamba hajazimwa. Kuthibitisha huko kunawezekana kwa faili la majaribio la EICAR, lenye herufi na alama 68 zisizo na madhara, ambalo watengenezaji wamekubaliana walitambue kana kwamba ni kirusi. Mlinzi akilinyamazia, hayuko kazini.

Anayetaka bidhaa ya kulipia anafaa kuanza na wapimaji huru kabla ya matangazo. AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hutoa hadi pointi 18, zikigawanywa sawasawa kati ya ulinzi, wepesi na urahisi wa matumizi, ambamo kengele za uongo huhesabiwa, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Alama ya wepesi isidharauliwe, kwa sababu mlinzi anayeilemea kompyuta kuukuu huzimwa na mtumiaji wake mwenyewe ndani ya wiki moja. Baada ya hapo linafuata swali la kangomba, yaani mlinzi anayetolewa bure hulipwa na nani, hukusanya taarifa gani, na ada ya mwaka wa pili ni kiasi gani ikilinganishwa na ya ofa ya mwanzo. Leseni inunuliwe kwa mtengenezaji au wakala wake anayejulikana, na walinzi wawili wasiwekwe pamoja, kwa kuwa kila mmoja humshuku mwenzake na kompyuta hubaki ikiwaamulia.

Kwa viendelezi, kanuni yenye faida kubwa ni kutenganisha kazi. Ofisi inaweza kuwa na kivinjari kimoja cha matumizi ya kila siku, na kingine, kisicho na kiendelezi hata kimoja, kinachofunguliwa kwa ajili ya benki, mnada na mifumo ya serikali peke yake. Katika kivinjari cha kila siku, kiendelezi kinachoomba tovuti zote kinaweza kubanwa katika mipangilio ili kifanye kazi pale tu kinapobofywa. Anayelazimika kutumia kompyuta ya steshenari afungue dirisha la faragha, ambamo kwa kawaida Chrome huviacha viendelezi nje mpaka viruhusiwe, akatae kuhifadhi nenosiri, na atoke katika akaunti kabla ya kuinuka. Kwenye simu za Android hatari hubadilisha sura, kwa sababu Chrome ya simu kwa kawaida haipokei viendelezi, na nafasi yao huchukuliwa na programu zinazotumwa kwa WhatsApp ili zisakinishwe nje ya duka rasmi. Mwisho wa yote ni nakala ya hesabu katika diski ya nje inayochomolewa baada ya kunakili, kwani kirusi cha kudai fidia hakifungi kisichokifikia.

Kwa mwenye ofisi, hayo yote yana upande wa kisheria pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu anayeingilia mfumo wa mwingine, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, humgeukia mwenye kutunza taarifa na kumtaka azilinde, hivyo chama chenye orodha ya wakulima na akaunti zao hakiwezi kujivua wajibu kwa kusema kwamba kiendelezi kiliwekwa na karani aliyehama. Timu ya kitaifa inayoshughulikia matukio ya usalama wa mtandao, TZ-CERT, iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo pia hupokea kupitia namba 15040 taarifa za ujumbe wa kilaghai wa simu.

Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za korosho na kuziwekea alama, ili mkulima wa Nanyamba au Madimba ambaye hakushuhudia ukaguzi aweze kuziamini. Kompyuta iliyo hatua chache kutoka kwenye mizani hiyo, ambamo kilo zilezile huandikwa, haina alama ya namna hiyo, na ukaguzi wake hauhitaji afisa kutoka mbali. Ukurasa wa viendelezi hufunguka kwa mibofyo mitatu kutoka kwenye menyu ya kivinjari, majina yaliyomo kwa kawaida hayazidi kumi, na mwenyekiti wa chama, hata asiyejua kuchapa, anaweza kukaa kando ya karani kabla ya msimu kufunguliwa na kuuliza kuhusu kila jina ni nani aliyeliweka, kwa kazi gani, na linasoma kurasa zipi. Jina litakalokosa jibu hufutwa hapohapo, kama gunia lililofika ghalani bila hati linavyorudishwa lilikotoka.